Kinanda cha babu hakina kitufe cha sauti

Babu aliniachia kinanda cha santuri cha kubeba, HMV 102, sanduku jeusi ambalo ukifunua kifuniko unakutana na nembo ya kampuni, yule mbwa aliyeinamisha kichwa kusikiliza. Hakitaki umeme wala betri. Unakitia ufunguo ubavuni, springi inajikaza, sahani inaanza kuzunguka. Springi ikilegea katikati ya wimbo, sauti inazama, inakuwa nzito kama ya mtu anayepitiwa na usingizi. Utotoni tuligombania nani aukimbilie ule mkono wa ufunguo.

Ukibahatika kurithi kitu kama hiki, nakuomba usianze na usafi. Mimi nilianza hivyo. Nilichukua pamba na spiriti, nikafuta santuri moja ya taarabu iliyoshika vumbi, na mng'ao wake ukaondoka na pamba. Zile santuri za mizunguko 78 kwa dakika si plastiki, ni shelaki, utomvu wa wadudu wa mitini huko India, na spiriti huiyeyusha. Mpaka leo ile inakwaruza mwanzo hadi mwisho, na inaniuma. Brashi laini inatosha.

Kuhusu sindano sina mjadala: upande mmoja wa santuri, sindano moja, basi. Ni za chuma, na zimekusudiwa zilike zenyewe badala ya kuila santuri. Upande ni kama dakika tatu tu, na kikopo kimoja huwa na sindano 200. Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi. Ukijaliwa kupata santuri ya enzi hizo ikiwa nzima, ukaichimba kwa sindano butu, nani atakurudishia?

LP, yaani santuri ya plastiki iliyokuja baadaye, usiiweke kabisa, kichwa cha kinanda ni kizito, kitailima. Springi nayo usiikaze mpaka igome, na ukimaliza iache ilegee kabla hujafunika.

Nilipokuwa mdogo nilidhani babu hupunguza sauti kwa kitu fulani nisichokiona. Kumbe ni sindano hizohizo: nene hupaza, nyembamba hutuliza. Alikuwa nazo katika vikopo viwili. Usiku, watoto wakishalala, nami huchukua kile cha nyembamba.