R6 au CBR600RR? Niliviuliza viganja vyangu

Mwaka mzima nilimwambia rafiki yangu wa Bamburi kuwa pikipiki yangu ya spoti, Yamaha R6, na Honda CBR600RR yake ni kitu kimoja. Kwenye karatasi ni ndugu wa toka nitoke: injini ya 599cc, silinda nne zimepangwa mstari mmoja. Tukabadilishana kwa wiki moja, nikanyamaza.

Tofauti ya kwanza huiona pikipiki ikiwa imesimama. Kiti cha R6 kiko milimita 850 kutoka chini, cha CBR 820. Sentimita tatu hazina maana mpaka uwe kwenye mteremko wa feri Likoni, tuktuk imekubana ubavuni, nawe unagusa lami kwa ncha za vidole. Mimi si mrefu, na sioni haya kulisema.

Kisha mikono. R6 imeweka usukani chini, kiti kimeinuka nyuma, kwa hiyo kifua chote kinakaa juu ya viganja. Ukikimbia, upepo hukibeba kifua na mikono ikapumzika. Lakini kwenye jamu ya Kongowea upepo huo utautoa wapi? Nilikuwa nikifika nyumbani vidole vimekufa ganzi. Nilipojifunza kubana tangi kwa magoti maumivu yakapungua, ila hayakuisha. CBR nayo inakuinamisha, lakini kwa huruma kidogo.

Kwenye kona, R6 ni nyepesi kuingia. Siku za mwanzo nilikuwa nageuka mapema mno. CBR huingia taratibu, ila ikishalala imetulia, na ukikuta mchanga kidogo haikuogopeshi. Tena ina kizuia-mtikisiko cha usukani kinachoendeshwa kwa umeme: ukienda polepole usukani ni mwepesi, ukiongeza kasi unakuwa mzito. Nilikielewa juu ya daraja la Mteza, kule Dongo Kundu, kusi ikivuma kutoka ubavuni. Siku niliyopita hapo na R6 nilishika usukani kama mtu anayezama, na kushika hivyo ndiko kunakozidisha mtikisiko.

CBR ina dhambi yake: ekzosi inapita chini ya kiti. Mchana wa Februari, kwenye foleni, utahisi umekalia jiko la makaa.

Jambo moja lilinidanganya karibu nitoe hukumu ya uongo. Siku ya kwanza CBR ilikuwa ngumu kulala, kama inabishana nami. Kumbe tairi la nyuma lilikuwa limeisha katikati, limekuwa bapa kwa kwenda moja kwa moja kila siku. Rafiki yangu alipolibadilisha, ikawa pikipiki nyingine. Basi kabla hujasema pikipiki ya mtu ni nzito, inama utazame tairi, upime na upepo wake.

Ukienda kununua, usiijaribu asubuhi barabara ikiwa tupu. Iombe saa kumi na moja jioni, injini ikiwa moto, uvuke nayo daraja la Nyali. Ukijikuta unakung'uta viganja kila ukisimama, mrudishie mwenyewe. Anayetaka sura ya spoti ya kwendea kazini kila siku aikalie Kawasaki Ninja 650 kwanza: kiti milimita 790, usukani umeinuka.

R6 nilimuuzia kijana wa Mtwapa. Yeye hutoka Jumapili alfajiri tu, hadi Kilifi, na saa mbili amesharudi. Kwa ratiba hiyo, hata mimi nisingeiuza.