Kiwanja chenye pande zisizolingana: pande nne hazitoshi kupata eneo

Mkuu, umeuliza eneo la kiwanja chako, ukatoa pande nne kwa mzunguko: AB mita 13, BC 14, CD 9, DA 12, na ukasema DA umebinuka nje kidogo. Kwa vipimo hivyo tu eneo halipatikani. Funga vijiti vinne vya urefu huo kwenye ncha, kisha visukume: umbo linalala, eneo linapungua, na pande ziko vilevile. Ile njia ya kuchukua wastani wa pande zinazotazamana na kuzidisha (kwako 11 × 13 = 143) inazidisha eneo kila mara, isipokuwa kwenye mstatili.

Rudi na futi kamba upime ulalo AC, yaani toka kona A moja kwa moja hadi kona C. Tuseme ni 15. Sasa una pembetatu mbili. Kwa kila moja tafuta nusu ya mzingo, n, halafu kipeuo cha pili cha n(n−a)(n−b)(n−c), ambapo a, b na c ni pande zake tatu. ABC: n ni 21, hivyo 21 × 8 × 7 × 6 = 7,056, kipeuo chake 84. ACD: 18 × 3 × 9 × 6 = 2,916, kipeuo 54. Jumla mita za mraba 138.

Pima na BD, ulalo wa pili, hata kama hesabu haiuhitaji. Kwa namba hizi lazima usome kama 18.64. Ukipata 18.2, kuna kipimo kimoja ni kibovu. Usipige hesabu yoyote kabla hujakipata.

Sasa ule mbinuko. Vuta kamba iliyonyooka toka D hadi A, na kila mita 3 pima kwa pembe mraba hadi kwenye ukingo. Tuseme unapata 0, 0.8, 1.2, 0.9, 0. Ukijumlisha na kuzidisha kwa 3 unapata 8.7, pungufu kidogo, kwa sababu umeunganisha vipimo kwa mistari iliyonyooka na tao limebaki nje. Afadhali kanuni ya Simpson, inayofuata tao: theluthi ya nafasi kati ya vipimo, mara kipimo cha kwanza na cha mwisho, jumlisha 4 mara cha pili na cha nne, jumlisha 2 mara cha katikati: 3/3 × [0 + 4(0.8 + 0.9) + 2(1.2) + 0] = 9.2. Inataka vipimo viwe idadi witiri, hapa 5. Jumlisha na zile 138, unapata 147.2. Ukingo ukiingia ndani, unatoa badala ya kujumlisha.

Penye mteremko shika futi mlalo, kipande kwa kipande. Ukiilaza juu ya ardhi inasoma zaidi. Ikilegea, vilevile. Na mita 9 na sentimita 5 ni 9.05, siyo 9.5. Hilo ndilo kosa la kwanza la kutafuta BD ikigoma.