Muhimbili haikuanza na Waingereza

Mnaosema Hospitali ya Muhimbili ilianzishwa na Waingereza mwaka 1956, hapana, mwanzo wake ni 1897, enzi za Mjerumani, ilipojengwa Hospitali ya Sewa Haji jijini Dar. Fedha zilitoka kwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyekuwa akiipatia misafara bidhaa na wapagazi pale Bagamoyo. Hiyo 1956 mnayoitaja ni mwaka wa hospitali mpya ya Upanga, iliyopewa jina la Princess Margaret. Jina la Muhimbili lilikuja baada ya uhuru. Kwa hiyo kwa upande wa majengo ya Upanga mko sahihi. Lakini nimemuuguza shangazi yangu wodi za Sewahaji hapo Muhimbili, jirani na zile za Kibasila na Mwaisela, na inaniuma kuona watu wanapita pale kila siku bila kujua jina hilo ni la nani.