Maswali ya Wasomaji: Kudhibiti vilele vya sauti za majaribio

Swali: Nimetengeneza faili la kelele ya pinki (kelele nasibu yenye nguvu sawa katika kila oktavu) la kupimia spika. Nilitaka kilele kiizidi RMS (mzizi wa wastani wa miraba, yaani ukubwa wa wastani wa mawimbi) kwa 6 dB, hivyo nikakata kila sampuli iliyovuka mara mbili ya RMS. Programu inasoma 6.4 dB, na nikipitisha faili kwenye kichujio cha kuondoa besi iliyo chini ya 40 Hz, namba inapanda zaidi. Tatizo ni nini?

Jibu: Hapo kuna matatizo mawili. La kwanza ni la hesabu. Ukikata vilele, RMS nayo hushuka, kwa karibu 0.36 dB ukikatia kwenye mara mbili. Kwa kelele ambayo haijaguswa bado, katia kwenye mara 1.9 ya RMS ya awali. RMS mpya itakuwa 0.95 ya ile ya zamani, na 1.9 ukigawa kwa 0.95 unapata 2 kamili, yaani 6 dB.

La pili ndilo linalosumbua wengi. Kilele kilichokatwa hubaki bapa kwa sababu tu masafa yote yaliyomo yamepangana kwa wakati wake. Kichujio huyachelewesha baadhi kuliko mengine, mpangilio unavunjika, na ncha zinaota upya. Hata kichujio kinachogeuza fezi (nafasi ya wimbi katika mzunguko wake) peke yake bila kupunguza sauti yoyote hufanya hivyo. Kwa hiyo chuja kwanza, ukate baadaye.

Lakini kukata nako huzaa masafa mapya, mengine juu kabisa ambako twita (spika ndogo ya sauti za juu) ndiyo itakayoyabeba, na yakivuka nusu ya kiwango cha sampuli (idadi ya sampuli kwa sekunde) yanajikunja na kurudi ndani ya sauti. Pandisha faili kutoka 48 kHz hadi 192 kHz, kata, chuja, kisha rudia mara tatu hadi tano. Kila mzunguko ncha zinazorudi huwa fupi kuliko za mwanzo. Mzunguko wa mwisho uishie kwenye kichujio, halafu shusha hadi 48 kHz. Ukiambulia 6.3 dB, ikubali: ni bora kuliko 6.0 ya karatasini yenye uchafu unaoingia kwenye twita.

Na usiliamini faili peke yake. Kama kuna krosova (kifaa kinachogawa masafa kati ya spika) kabla ya amplifaya, nayo ni kichujio, na itarudisha vilele ulivyovihangaikia. Kipimo cha mwisho kifanyike kwa osiloskopu kwenye vituo vya kutokea vya amplifaya, spika ikiwa imeunganishwa.

Swali: Kwani kelele isiyokatwa ina ubaya gani?

Jibu: Haina kilele cha mwisho. Kwa kiwango cha 48 kHz, kwa wastani sampuli tatu kila sekunde huvuka mara nne ya RMS, yaani 12 dB, na ukisubiri zaidi zitakuja kubwa zaidi. Kila jaribio linakuwa na kilele chake, na majibu hayalinganishiki.

Chukua amplifaya ya wati 100 kwenye omu 8. Volti zake za kilele ni 40. Kelele ya 12 dB ikigusa kilele hicho inakuwa na RMS ya volti 10, sawa na wati 12.5. Ya 6 dB inafikisha volti 20, wati 50. Koili ya spika hupashwa joto na RMS, ilhali vilele ndivyo husukuma koni mbali, na ndivyo huifikisha amplifaya kikomoni. Kwa jaribio la kustahimili joto tumia 6 dB. Kwa jaribio linalokaribia muziki, 12 dB. Ripoti inayotaja wati bila kutaja uwiano huu wa kilele na RMS haitoshi.

Swali: Natumia toni 32 zenye ukubwa sawa, kuanzia 500 Hz hadi 16,000 Hz kwa hatua za 500 Hz, kupima upotoshaji. Uwiano ni 18 dB. Nikate?

Jibu: Hapana. Ukikata unatengeneza upotoshaji uleule unaotaka kuupima. Toni zako zote zinafika kileleni kwa pamoja, ndiyo maana uwiano ni mzizi wa 64, yaani 8. Badili fezi zake. Manfred Schroeder alionyesha mwaka 1970 kwamba toni ya namba k kati ya N ikipewa fezi ya −π × k × (k − 1) ÷ N, vilele hutawanyika. Kwa toni zako uwiano utashuka hadi karibu 5 dB, na hakuna toni itakayobadilika ukubwa.

Kanuni hiyo inafaa toni zilizoachana kwa hatua sawa. Kwa toni zilizoachana kwa theluthi ya oktavu, anza na fezi za kubahatisha. Tengeneza mzunguko mmoja mzima wa mawimbi, kata kwenye asilimia 85 ya kilele, fanya FFT (hesabu inayotenganisha mawimbi kuwa toni zake), chukua fezi mpya ila rudisha ukubwa wa zamani na ufute kila kilichotokea nje ya toni zako. Rudia mara mia kadhaa. Kinachobaki ni toni safi, kwa kuwa mkato wenyewe haumo tena kwenye sauti.

Swali: Programu mbili zinatofautiana kwa 3 dB kwenye uwiano wa faili lilelile. Ipi sahihi?

Jibu: Huenda zote. Kiwango cha AES17 (cha kupimia vifaa vya sauti za kidijitali) hulipatia wimbi la sain lililojaa RMS ya 0 dBFS, yaani dB zinazolinganishwa na kiwango cha juu kabisa cha faili. Programu nyingine huliandikia −3.01. Zipe zote mbili wimbi la sain. Inayosoma uwiano wa 0 dB, ongeza 3.01 kwenye kila kipimo chake cha uwiano.