Kabla hujachora nondo, kazifunge kwa mikono yako

Mwaka wa pili wa usanifu majengo nilichora balkoni nzuri sana. Ilitoka nje ya ukuta mita moja na nusu, nyembamba, haina nguzo, na kwenye seksheni (mchoro wa jengo likiwa limekatwa) ya 1:20 nondo zake nilikuwa nimezilaza chini kabisa, zimepangana kama meno ya kitana. Alama zilikuja nzuri tu. Siku ya kuwasilisha, mjadala wote uliishia kwenye kivuli na rangi ya ukuta.

Likizo ikafika, nikaenda mafunzo kwa vitendo kwenye saiti ya ghorofa moja huko Goba, Dar es Salaam. Fundi mkuu alikuwa mtu mzima wa miaka sitini hivi, wote tulimwita Mzee. Wiki ya kwanza akaomba aone kazi zangu. Nikampa simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaikodolea macho, kisha akaniuliza kuhusu mirunda, ile miti inayobeba zege mpaka likauke: "Binti, hii ukishaondoa mirunda, nani anaishikilia?"

"Nondo, Mzee."

"Zipi?"

Nikamwonyesha. Alicheka mpaka saidia fundi wakasogea kuona kuna nini.

Akatoa chaki mfukoni, ile ya kuwekea alama kwenye mbao. Akaikandamiza kutoka ncha zote mbili, haikufanya kitu. Akaikunja kidogo tu, tak, vipande viwili. "Zege ndiyo hii chaki," akasema. "Ukilikandamiza linavumilia, ukilivuta linakatika. Nondo inakaa pale linapovutwa." Bimu (boriti ya zege) iliyoegemea pande mbili tumbo lake linashuka, kwa hiyo chini ndiko kunakovutwa, na nondo kubwa hukaa chini. Balkoni imeshikwa upande mmoja, inataka kuinama, kinachovutwa ni mgongo wake. Nondo zake kubwa ni za juu, tena lazima ziingie ndani ya nyumba na kushikwa na slabu (sakafu ya zege) au bimu iliyo nyuma yake, la sivyo umechora meza yenye miguu upande mmoja.

Hesabu za nguvu hizo darasani nilikuwa nimezifanya na kuzifaulu. Sikuwahi kuzihusisha na mchoro wangu mwenyewe. Ndiyo sababu naandika haya kwa wewe unayeanza: saiti nenda mapema, na usiende kuangalia. Nenda ukafanye.

Nimalizie ya balkoni, maana ina sehemu ya pili ambayo kitabuni haisisitizwi. Hata ukichora nondo juu, siku ya zege watu ishirini wenye karai watazikanyaga. Kila mguu unazishusha kidogo. Ikifika jioni, nondo ya juu imekuwa nondo ya katikati na hakuna anayejua, kwa sababu zege limeshafunika. Dawa yake ni vipande vya nondo vilivyokunjwa kama vigoda, vinasimamishwa juu ya mbao kubeba zile za juu, pamoja na mbao za watu kupitia. Kwenye mchoro wako onyesha hivyo vigoda. Ni mistari minne.

Sasa uashi. Wanafunzi wengi tunaudharau kwa sababu ukuta kwenye kompyuta ni mistari miwili sambamba, umebofya umemaliza. Naomba utafute siku moja ujenge kozi tatu, yaani mistari mitatu ya tofali, kwa mkono wako. Mimi nilijenga ukuta wa tofali saba kwa urefu, nikatumia asubuhi nzima, na Mzee akaubomoa kwa mguu. Sikukasirika, ulistahili. Udongo wangu (saiti ndivyo wanavyouita mchanganyiko wa mchanga na saruji wa kujengea) ulikuwa mwepesi mno, tofali zikawa zinazama, na uzi nilikuwa nimeugusa kwa tofali ukapinda. Kumbe uzi hauguswi; tofali linaachwa mbali nao kwa unene wa karatasi.

Hapo ndipo nilipouelewa mraba pia. Hakuna mashine. Unapima futi 3 upande mmoja wa kona, futi 4 upande wa pili, na kutoka alama hadi alama lazima ije futi 5. Isipokuja, kona yako si mraba, hata kama ramani inasema nyuzi 90. Usawa wa kona moja na nyingine mbali walichukua kwa mpira mwangavu uliojaa maji. Pitagora nilimsoma sekondari, ila siku hiyo ndiyo nilimwona akifanya kazi.

Tofali za saiti yetu zilikuwa za inchi 6, urefu inchi 18 na kimo inchi 9. Ukiweka na udongo wa kati, kila tofali linakula sentimita 46 au 47 kwa urefu. Tofali zinapishana nusu kwa nusu ili viungo vya wima visikae mstari mmoja, kwa hiyo ukuta unapenda vipimo vinavyogawanyika kwa nusu tofali. Mimi kati ya madirisha mawili nilikuwa nimechora ukuta wa sentimita 30. Kwenye karatasi ulipendeza. Saiti ulimaanisha kila kozi fundi akate tofali, na tofali la saruji halikatiki kama mkate. Vipande vikawa vinalundikana miguuni, na kilichopatikana ni kinguzo cha viraka kinachobeba lenta, ile bimu ya juu ya madirisha. Ningechora sentimita 46, tofali zima, kozi inayofuata nusu mbili, kwisha. Tangu hapo kabla sijaandika kipimo cha ukuta nauliza ni tofali ngapi. Nawaona wenzangu wanaandika mita 3.37 na natamani niwapeleke Goba.

Jambo hili si geni kwetu. Nenda Mji Mkongwe Zanzibar, au Lamu, upime vyumba vya nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa. Vingi ni virefu vyembamba, upana wake haufiki mbali na mita tatu. Dari linabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya hapo. Aliyejenga alianza na boriti aliyo nayo, chumba kikafuata. Leo tunaanza na chumba, kisha tunamtupia injinia aone atakavyovuka.

Nondo ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kote, na ndiko ninakokusihi ukae. Omba kufunga ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kwenye nondo kubwa. Vidole vitauma wiki ya kwanza, waya utakuchoma, lakini utaacha kuiona ringi kama kamstatili ka mapambo kwenye seksheni. Utauliza mwenyewe kwa nini karibu na nguzo zimesongamana na katikati ya bimu zimeachana. Jibu ni kwamba karibu na egemeo ndiko bimu inakotaka kukatika kwa mshazari, na ringi ndiyo inayoushona ule ufa. Fundi mmoja kijana alizipanga sawasawa bimu nzima kwa sababu "zinapendeza". Mzee alimfanya afungue zote.

Halafu ikaja ile kona. Kuna sehemu bimu mbili zilikutana juu ya nguzo, na nguzo ilikuwa ya sentimita 23 kwa 23 ili ifichike ukutani. Sisi wasanifu ndio tunaozipenda hizo nguzo za kujificha. Nikupe hesabu yake maana nilikaa nayo chini na kalamu. Bimu upana milimita 230. Toa milimita 25 za zege la kufunika nondo kila upande, toa ringi ya milimita 8 kila upande, zinabaki 164. Ndani mna nondo nne za milimita 16, jumla 64. Nafasi tatu zilizo kati yake zinapata kama milimita 33 kila moja. Kokoto yetu ni ya milimita 20, inapita. Vizuri. Lakini pale juu ya nguzo ndipo fundi alipoamua nondo zipishane, zile zinazotoka kushoto na zile zinazotoka kulia. Nne zikawa nane. Nane mara 16 ni 128, zinabaki milimita 36 za kugawana nafasi saba. Milimita tano. Na hapo sijahesabu nondo za nguzo zinazopanda katikati yao, wala za bimu ya pili inayokatiza.

Kokoto haipiti, vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishuke) haiingii. Linaloshuka ni rojo la saruji na mchanga, na mbao zikitolewa unakuta zege lenye matundu kama sega la nyuki mahali ambapo nyumba nzima imeegemea. Kwenye kompyuta ile kona ilikuwa nadhifu kabisa. Bahati injinia alipita siku mbili kabla ya zege, akaamuru kupishana kuhamishwe mbali na nguzo na kusifanyike mahali pamoja kwa nondo zote. Walifungua, wakafunga upya, siku nzima ikapotea, na mwenye nyumba akanuna.

Ushauri wangu hapa ni wa kitoto lakini unafanya kazi: chukua chaki, chora kona moja ya bimu na nguzo sakafuni kwa ukubwa wake halisi, kila nondo kwa unene wake. Fanya hivyo hata mara moja tu katika miaka yako yote ya chuo. Usisahau kwamba nondo inayopishana inahitaji urefu wa mara 40 hadi 50 ya unene wake, yaani ya milimita 16 inalala na mwenzake kwa sentimita 64 hadi 80. Mahali pa kuzilaza utapatafuta.

Zege lenyewe nitalipitia haraka, vitabu vimelieleza vya kutosha. Kitu kimoja tu: maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi, na hizo ni pamoja na maji yaliyomo tayari kwenye mchanga. Mvua ikinyesha usiku, mchanga umeshakunywa, na ukimwaga ndoo zilezile za jana unapika uji. Wabeba karai wanapenda uji kwa sababu unatiririka, hauhitaji kusukumwa. Nani awalaumu, wanalipwa kwa kumaliza. Omba uruhusiwe kupima ulaini wa zege kwa ile koni ya sentimita 30: tabaka tatu, kila tabaka midukuo 25 ya fimbo ya chuma, unainyanyua taratibu, unapima limeporomoka kiasi gani. Na zile kyubu (vipande vya zege vya majaribio) za sentimita 15 zinazokwenda maabara zikapondwe siku ya 7 na ya 28, zijaze wewe. Jengo la ghorofa 16 lilipoanguka katikati ya Dar es Salaam, Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, na kuua watu 36, mimi nilikuwa bado shule ya msingi, na kwetu habari zilizungumzwa wiki nzima. Kila nikijaza kyubu huwa nalikumbuka.

Namna ya kuingia saiti nayo ni somo. Usifike saa nne umevaa raba nyeupe, simu mkononi, unapiga picha. Fika saa moja, toa shikamoo kwa kila anayestahili, kamata koleo bila kuambiwa. Wataniita injinia kwa kejeli, nikasema moyoni, na kweli waliniita. Baada ya wiki mbili nikawa "dada", na hapo ndipo maelezo yalipoanza kuja yenyewe. Kwa msichana kuna la ziada, nisilifiche: uliza choo kiko wapi siku ya kwanza, na kama hakipo, mwambie anayesimamia mafunzo yako kabla hujaanza kushinda na kiu. Kama hupati saiti, vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha uashi, na hakuna aibu ya msanifu kukaa darasa moja na waashi. Mafundi nao wana makosa yao, usimeze kila kitu. Mzee mwenyewe aliamini slabu ikimwagiliwa siku tatu inatosha. Nilibishana naye kwa adabu, tukaishia siku saba, tuta la mchanga pembeni na maji yamesimama juu kama bwawa.

Mafunzo yalikuwa yameshaisha nilipopigiwa simu kwamba kesho wanaondoa mirunda. Nilikwenda kwa daladala mbili. Slabu ya kati ilianza katikati kuelekea kwenye bimu, mrunda mmoja mmoja, bila haraka. Kisha tukafika chini ya balkoni, siyo yangu, ya yule mwenye nyumba, nyundo mkononi mwa Mzee. Akanigeukia.

"Hii tunaanzia wapi, binti?"

"Nchani, Mzee. Tunarudi ukutani."

Akanipa nyundo.