Ufunguo wa gari ukigoma, usikimbilie kununua mpya

Mwaka jana pale bandarini Mkoani, Pemba, nilisimama mbele ya gari yangu kama mwizi. Boti ya Unguja ishafunga, mama ananingoja na makapu yake, na mimi nabonyeza rimoti mpaka kidole kinauma. Milango kimya. Vijana wa pale kila mmoja na lake, mmoja keshaokota jiwe avunje kioo.

Mzee mmoja, dereva wa gari za abiria, akaniambia, "Mwanangu, ndani ya huo ufunguo mna ufunguo mwengine." Akasukuma kidude cha pembeni, kikachomoka chuma. Mlango ukafunguka. "Sasa kanyaga breki, uguse huo ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia." Gari ikatoa mlio, nikabonyeza, ikawaka.

Kumbe ile chipu iliyomo ndani ya ufunguo, ya kujitambulisha kwa gari, haihitaji betri. Ukiisogeza karibu, hupata nguvu kutoka kwenye gari yenyewe. Betri ni ya kufungulia milango kwa mbali na kuwasha gari bila kuugusisha ufunguo. Na dalili nilikuwa nazo: wiki mbili nzima gari ilikuwa haikubali kufunguka ila niusogelee mlango kabisa. Nikapuuza.

Betri yenyewe ni kama ya saa, ya volti 3. Isome ile kuukuu kabla ya kwenda dukani, maana CR2032 na CR1632 volti ni moja lakini ukubwa mbalimbali. Usiishike kwa vidole vya jasho.

Ukitia mpya na bado kimya, tazama vile vibati vinavyoishika. Huku kwetu hewa ya bahari haina huruma, na kutu hupenda pale. Pamba na spiriti, sugua taratibu, iache ikauke.

Ufunguo ukizama baharini (wangu ulizama Wete, nashuka mashuani) toa betri hapo hapo, kisha uoshe kwa maji baridi ya mferejini. Ndiyo, maji tena! Chumvi ikikaukia ndani ndiyo inayoua, si maji. Halafu spiriti, halafu kivulini siku nzima. Ndani ya mchele usiutie, utapata vumbi tu.

Usiutundike usiku karibu na gari. Baadhi ya gari huendelea kuzungumza na ufunguo na betri zikachoka bure. Na kama taa ya rimoti inawaka vizuri lakini taa za dashibodi zinafifia, mgonjwa ni betri ya gari, ufunguo hauna kosa.

Gari nyingi zetu za kutoka Japani hufika na ufunguo mmoja. Wa pili utengenezeshe huo mmoja ukiwa mzima, kwani fundi huutumia kuusajili mwenziwe. Ukipotea wote, kazi na bei ni nyengine kabisa. Wangu wa pili nimempa mama auweke sandukuni kwake. Yeye mpaka leo anaamini yule mzee wa bandarini alisoma kitu.