Maswali ya Wasomaji: Kebo, Breka na Ethi ya Kisanduku cha Umeme

Swali: Habari za kazi, mafundi. Nataka kupeleka umeme nyumba ya nyuma, mita 45 kutoka breka kuu. Nimejumlisha matumizi yote yakafika ampea 38, na breka nimenunua ya 40. Fundi wa kwanza kasema kebo ya milimita 6 inatosha. Wa pili kang'ang'ania 10. Nimsikilize nani?

Jibu: Kila mmoja ana hoja yake, lakini kwa umbali huo sisi tungevuta ya 16.

Tuanze na fundi wa kwanza. Waya mbili za shaba za milimita 6 za mraba, zenye gamba la PVC, zikipita kwenye paipu ukutani hubeba ampea 41 hewa ikiwa nyuzi 30. Breka 40, waya 41: kwenye karatasi hana kosa. Ila paipu nyingi hupita darini, na dari hupata moto. Hewa ikifika nyuzi 40 unazidisha kwa 0.87, na ile 41 inashuka hadi 35.7, chini ya breka yako. Ukipitisha na sakiti nyingine yenye mzigo kwenye paipu hiyohiyo, unazidisha tena kwa 0.80 na kubaki na 28.5. Waya wa 10 huanzia 57. Ukiwa peke yake darini hubaki na 49.6, kwa hiyo unafaulu.

Sasa umbali, ambao wengi huusahau. Kebo ya 10 hupoteza milivolti 4.4 kwa kila ampea kwa kila mita. Zidisha 4.4 kwa 38 kwa 45, gawanya kwa 1,000: volti 7.5, yaani asilimia 3.3 ya volti 230. Ya 6, inayopoteza milivolti 7.3, inakula volti 12.5, asilimia 5.4. Ya 16, yenye milivolti 2.8, inakula 4.8 tu, asilimia 2.1. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 kinapendekeza upotevu usizidi asilimia 3 kwa taa na 5 kwa vifaa vingine, na hupimwa hadi taa ya mwisho, si hadi kwenye kisanduku. Kebo ya 10 imeshamaliza fungu la taa kabla hujafunga hata swichi moja.

Breka ibaki 40. Na kabla hujanunua, soma ubavuni mwa breka na kwenye baa za kisanduku (vipande vya metali vya kufungia waya) kama mdomo unameza waya wa 16. Kukata nyuzi chache za waya ili uingie ni kuufanya mwembamba pale penye joto kubwa kuliko kote.

Swali: Breka ya 32 ya jikoni inakata kila tukiwasha oveni na birika pamoja. Waya ni wa milimita 4. Fundi anataka kuweka breka ya 63.

Jibu: Mkatalie. Kazi ya breka ni kulinda waya ulio ukutani. Waya wa 4 kwenye paipu hubeba ampea 32 hivi. Breka ya 63 inaruhusiwa kushikilia mara 1.13 ya namba yake, karibu ampea 71, kwa saa nzima bila kukata. Gamba la PVC limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Kwa mzigo huo litapita hapo kabla breka haijashtuka.

Pima kwa mita ya koleo wakati vyote vimewaka. Ikivuka 32, oveni ipewe sakiti yake. Ikiwa chini ya 32 na bado inakata, zima breka kuu, hakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme, kisha kagua skrubu za breka hiyo: kiungo kilicholegea huzalisha joto, na joto hilo huikatisha breka kana kwamba mzigo ni mkubwa.

Swali: Nimepigilia fimbo ya ethi (ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini) ya mita 1.2 na kuifunga vizuri. Juzi waya wa laivu (unaoleta umeme) uligusa bodi ya chuma ya pampu, breka ya 32 haikukata, na pampu ikawa inapiga shoti. Ethi yangu ina kasoro gani?

Jibu: Huenda fimbo haina kasoro yoyote. Imepewa kazi isiyoiweza.

Piga hesabu. Kwenye udongo wa wastani, wenye ukinzani wa omu-mita 100, fimbo ya mita 1.2 yenye kipenyo cha milimita 16 huwa na ukinzani wa omu 72 hivi. Volti 230 gawanya kwa 72 ni ampea 3.2. Breka ya 32 ya aina B inahitaji hadi ampea 160 ili ikate papo hapo, na kwa hilo njia nzima ya kurudi isizidi omu 1.4. Ampea 3 kwake ni mzigo wa kawaida. Kwa hiyo umeme ulizama ardhini taratibu, na bodi ya pampu ikabaki na volti.

Ukiongeza fimbo ya pili na kufika mita 2.4 kwenda chini, utapata omu 40 hivi. Ni nafuu, lakini breka bado haitakata. Kumwaga chumvi na maji kwenye shimo, ambako baadhi ya mafundi hukupenda mno, hushusha namba kwa muda tu. Mvua huiosha chumvi na inayobaki hula chuma.

Ikiwa msambazaji wa umeme anatoa ethi yake kwenye mita, fundi mwenye leseni aiunganishe kwa waya hadi kwenye baa ya ethi ya kisanduku. Hapo umeme wa hitilafu hurudi kwa shaba, si kwa udongo, na breka hukata. Ikiwa fimbo ndiyo ethi pekee, lazima pawe na RCD, yaani breka inayokata umeme unapovuja. Ya miliampea 30 hukata hata fimbo ikiwa na omu 72. Kihesabu ingevumilia hadi omu 1,667, lakini fimbo inayozidi 200 haiaminiki, kwa sababu kiangazi udongo hukauka na namba hupanda.

Waya wa ethi wenyewe: laivu ikiwa ya 16 au chini yake, ethi iwe sawa nayo, kati ya 16 na 35, ethi ya 16, zaidi ya hapo, nusu. Unaozikwa kwenda kwenye fimbo usipungue 16 ukiwa na gamba, na 25 ukiwa shaba tupu. Ukinzani wa fimbo nao hupimwa kwa kipimo maalumu cha ethi. Multimita ya kawaida itakudanganya.

Swali: Kisanduku cha pili kina baa moja tu. Niweke nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi pamoja?

Jibu: Hapana, ongeza baa ya pili. Nyutro na ethi zikikutana baada ya breka kuu, umeme wa nyutro hugawanyika na kupita kwenye mabati na mabomba, na RCD iliyo kabla ya hapo, upande umeme unakotoka, hukata ovyo. Nyutro ikikatika njiani, kila bodi ya chuma inageuka laivu.

Swali: Kisanduku kipya, lakini plastiki ya breka imeanza kuungua upande wa juu. Kosa liko wapi?

Jibu: Mara nyingi ni kwenye skrubu. Ama imebana gamba badala ya shaba, ama haikukazwa kwa nguvu iliyoandikwa kwenye breka. Waya wenye nyuzi laini uvishwe feruli (kifuniko cha metali cha ncha ya waya) na kubanwa kwa koleo lake. Usiupake risasi ya kulehemu, kwa kuwa risasi hulala chini ya skrubu na kiungo hulegea baada ya miezi. Kama kebo ni ya alumini, tumia lagi (kiunganishi cha ncha ya kebo) ya metali mbili, shaba na alumini.

Kagua pia waya zinavyoingia. Laivu na nyutro zikipitishwa kwenye matundu mawili tofauti ya kisanduku cha chuma, bati lililo kati yao hupata joto. Zipite tundu moja, lenye glandi (kishikizo cha kebo tunduni) au mpira. Rangi nazo zisikudanganye: buluu ni nyutro kwa mfumo mpya, lakini kwenye nyaya za zamani za fezi tatu buluu ni fezi, na nyeusi ndiyo nyutro. Pima, usikisie.

Ukimaliza, kabla ya kuwasha, chomoa vifaa vyote na upime gamba la waya kwa volti 500 za DC kati ya laivu na ethi, kisha nyutro na ethi. Chini ya megaomu 1, usiwashe. Tafuta msumari au skrubu iliyotoboa kebo.